Hukumu Zinazozunguka

Kulinganisha vitu viwili ni kazi nyepesi kuliko kupanga vitu saba kwa mpigo. Mtu anayeshindwa kusema ni kipi cha nne na kipi cha tano kati ya saba, ukimwekea viwili tu mbele yake atakujibu upesi kwamba hiki kinazidi kile. Ndiyo maana watu waliotaka kupima mambo yasiyo na mizani, kama uzito wa kosa, ubora wa mgombea au umuhimu wa barabara, wamekimbilia mara nyingi njia ya viwili viwili. Lakini wepesi huo una gharama. Vitu saba vina jozi 21, na majibu 21 yanayotolewa moja moja si lazima yapatane. Mtu yuleyule, mwenye akili timamu, anaweza kusema kwamba A inazidi B, B inazidi C, kisha akifika kwenye jozi ya mwisho akasema C inazidi A. Hukumu zake zimezunguka, na hakuna mpangilio wowote unaoweza kuzikubali zote tatu. Historia ya hesabu za maamuzi ni, kwa sehemu kubwa, historia ya mzunguko huo: jinsi ulivyogunduliwa, jinsi ulivyopewa kipimo, na jinsi kipimo chenyewe, kilichobuniwa ili tujue mahali pa kumuuliza mwamuzi tena, kilivyogeuzwa kuwa lango ambalo namba zake husukumwa mpaka zipite. Nadai kwamba mageuzi hayo ya mwisho yalikuwa hasara, na ushahidi umo katika kazi za waanzilishi wenyewe.

Ramon Llull, mwanafalsafa wa Majorca, aliandika mjini Paris mwaka 1299 maelezo ya uchaguzi ambamo wagombea hushindanishwa wawili wawili. Njia ya namna hiyo alikuwa ameshaieleza katika riwaya yake Blanquerna, pale watawa wa kike wanapomchagua mkuu wao. Aliyeuweka mzunguko mezani kwa hesabu kamili, hata hivyo, alikuja karibu miaka 500 baadaye. Katika kitabu chake cha 1785 kuhusu maamuzi ya wingi wa kura, Marquis de Condorcet wa Ufaransa alitoa mfano wa wapiga kura 60 na wagombea watatu. Wapiga kura 23 wanampanga A mbele, kisha B, kisha C. 17 wanasema B, C, A. Wawili wanasema B, A, C. 10 wanasema C, A, B. Na wanane wanasema C, B, A. Ukiwashindanisha wawili wawili, A anamshinda B kwa kura 33 dhidi ya 27, B anamshinda C kwa 42 dhidi ya 18, na C anamshinda A kwa 35 dhidi ya 25. Kila mpiga kura ana mpangilio ulionyooka kichwani mwake. Mkutano wao wote ndio unaozunguka.

Tiba aliyoipendekeza Condorcet inafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake mna adabu ambayo wengi waliomfuata waliipoteza. Alisema hukumu tatu zikigombana, iachwe ile iliyopata wingi mdogo kuliko zote. Katika mfano wake ni ile ya A kumshinda B, yenye kura 33 tu. Zinabaki mbili, B anamshinda C na C anamshinda A, na mshindi ni B. Hakuna kura hata moja iliyobadilishwa. Zile 33 zinabaki 33, na yeyote anayesoma matokeo anaona ni hukumu ipi iliyowekwa kando na kwa sababu gani. Uamuzi umepatikana, na ugomvi umeachwa wazi kwenye karatasi.

Kutoka kwenye kura mzunguko ulihamia kwenye maabara. Ernst Weber na Gustav Fechner, wote wa Leipzig, walikuwa wameonyesha katika karne ya 19 kwamba mtu akipewa mizigo miwili inayokaribiana uzito, leo atasema huu ndio mzito na kesho atasema ule. Mwaka 1927 Louis Thurstone wa Chuo Kikuu cha Chicago aliuchukua udhaifu huo akaufanya msingi wa sayansi. Aliwapa wanafunzi 266 makosa 19 ya jinai, akawataka waseme katika kila jozi ni kosa lipi kubwa zaidi. Hizo ni jozi 171. Pale ambapo karibu wote walikubaliana, Thurstone aliyaweka makosa hayo mbalimbali sana kwenye kipimo chake. Pale ambapo waligawanyika nusu kwa nusu, aliyaweka karibu karibu. Bila ya kutofautiana kwao asingekuwa na umbali wa kupima. Kama kila mwanafunzi angejibu sawa na mwenzake katika jozi zote, Thurstone angepata mpangilio mtupu wa kwanza hadi wa 19, asijue kama kati ya la tatu na la nne mna hatua moja au mia. Kwa hiyo katika mwanzo wa upimaji wa fikra kwa njia hii, ukinzani ulikuwa ndiyo mali ghafi.

Miaka 13 baadaye, Maurice Kendall na Bernard Babington Smith walichapisha katika jarida la Biometrika makala yaliyoupa mzunguko hesabu yake yenyewe. Wawili hawa walikuwa wametoa mwaka 1939 jedwali la tarakimu 100,000 za bahati nasibu, kwa hiyo walijua vizuri bahati tupu inafananaje. Walikwenda moja kwa moja kwenye kiini: walihesabu mizunguko ya vitatu vitatu. Vitu saba hutoa makundi 35 ya vitatu vitatu. Mwamuzi anayejibu kwa kurusha sarafu atazungusha robo ya makundi hayo, yaani kati ya manane na tisa kwa wastani, na hata akijitahidi kukosea hawezi kuzungusha zaidi ya 14. Kipimo chao kinaanza na moja, yaani hakuna mzunguko, na kushuka hadi sifuri pale mizunguko inapofika kikomo. Jambo lenye thamani zaidi kuliko kanuni yenyewe ni jinsi walivyoitafsiri. Mwamuzi anayezunguka, kwa maelezo yao, huenda hana uwezo wa kuhukumu; lakini pia huenda vitu vinakaribiana mno, au ile sifa inayopimwa haiwezi kunyooshwa kwenye mstari mmoja. Namba moja, maelezo matatu, na namba yenyewe haisemi ni lipi kati ya hayo. Kulijua kunahitaji kumrudia mtu na kutazama vitu.

Hilo la tatu, la sifa isiyonyooka, halikuwa wazo la kubuni tu. Thorleif Schjelderup-Ebbe, mtafiti wa Norwei, alikuwa ameona mapema katika miaka ya 1920 kwamba kuku wana ngazi ya kudonoana, na kwamba ngazi hiyo mara nyingine hujipinda ikawa pembetatu: huyu anamdonoa yule, yule anamdonoa wa tatu, na wa tatu anamdonoa wa kwanza. Hapo hakuna mwamuzi wa kulaumiwa. Ubabe wa kuku ndivyo ulivyo.

Ushahidi ulioniridhisha kuliko wote ulitolewa na Kenneth May, mwanahisabati wa Marekani, mwaka 1954. Aliwauliza wanafunzi 62 wa chuo wachague kati ya wachumba watatu wa kufikirika, wawili wawili. Wa kwanza ana akili sana, ana mali kiasi, lakini sura yake ni ya kawaida. Wa pili ni mzuri mno wa sura, ana akili, lakini maskini. Wa tatu ni tajiri, ana sura nzuri, lakini akili yake ni ya wastani. Wanafunzi 17 walizunguka, na wote walizunguka upande mmoja: wa kwanza mbele ya wa pili, wa pili mbele ya wa tatu, wa tatu mbele ya wa kwanza. Watu waliochoka au wasiojali wangezunguka huku na huku. Hawa walikuwa na kanuni, nayo si ya kipumbavu: katika kila jozi, chagua anayemzidi mwenzake katika mambo mawili kati ya matatu. Wa kwanza anamzidi wa pili kwa akili na mali. Wa pili anamzidi wa tatu kwa akili na sura. Wa tatu anamzidi wa kwanza kwa sura na mali. Ni uchaguzi wa Condorcet uliohamia ndani ya kichwa kimoja, ambamo akili, sura na mali ndio wapiga kura. Mzunguko wao ulikuwa unatoa habari kamili, kwamba hapa vigezo vitatu vimefungwa katika swali moja, na swali linapaswa kufunguliwa.

Mtu aliyelifungua swali hilo kwa namna ambayo ulimwengu wa mipango na biashara uliipokea ni Thomas Saaty. Alizaliwa Mosul, Iraq, mwaka 1926, akasomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale, na katika miaka ya 1960 alifanya kazi katika idara ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia udhibiti wa silaha. Huko alikusanya wachumi na wanahisabati wa hali ya juu, wakiwamo Gérard Debreu, John Harsanyi na Reinhard Selten, ambao wote baadaye walipata Tuzo ya Nobel. Alitoka katika kazi hiyo akiamini kwamba nadharia nzito za wataalamu hazikuwasaidia waamuzi kueleza walichokithamini. Njia yake aliitangaza kwa ukamilifu mwaka 1977 katika jarida la saikolojia ya kihisabati, na mwaka 1980 ikawa kitabu. Lengo linagawanywa katika vigezo, vigezo katika vigezo vidogo, na chini kabisa machaguo yenyewe. Katika kila ngazi vitu hulinganishwa viwili viwili, lakini safari hii mwamuzi haulizwi tu ni kipi kinazidi; anaulizwa kinazidi mara ngapi, kwa namba kuanzia 1 hadi 9. Wale wachumba wa May wangelinganishwa kwa akili peke yake, kisha kwa sura, kisha kwa mali, na mwisho vigezo vyenyewe vingelinganishwa. Mzunguko wa wanafunzi 17 ungepoteza chanzo chake. Huu ni ufumbuzi mzuri kweli, na pingamizi zangu zinazofuata haziupunguzii chochote.

Namba za mwamuzi huwekwa katika jedwali la mraba. Ikiwa A ni mara mbili ya B, basi B ni nusu ya A, na vivyo hivyo kwa kila jozi. Hukumu zinapatana kikamilifu pale ambapo mara mbili ikifuatwa na mara tatu huzaa mara sita: A ni mara mbili ya B, B ni mara tatu ya C, basi A lazima iwe mara sita ya C. Mwamuzi akisema mara nne, hakuzunguka, lakini amekinzana kidogo. Saaty aliona kwamba nadharia ya majedwali ya namba chanya aliyoithibitisha Oskar Perron mwaka 1907 inampa vitu viwili kwa mkupuo mmoja. Kila jedwali la aina hii lina namba yake kuu, na pamoja nayo kuna orodha ya uzito wa kila kitu. Hukumu zikipatana kabisa, namba kuu inalingana na idadi ya vitu. Ukinzani wowote unaipandisha juu ya hapo. Ziada hiyo ikigawanywa kwa idadi ya vitu kasoro kimoja ndiyo kipimo cha ukinzani. Kisha, kwa mwelekeo uleule wa Kendall na mwenzake, Saaty alikilinganisha kipimo hicho na wastani wa majedwali yaliyojazwa kwa bahati nasibu: 0.58 kwa vitu vitatu, 0.90 kwa vinne, 1.12 kwa vitano, na kuendelea. Ukinzani wa mwamuzi ukiwa chini ya asilimia 10 ya ule wa bahati nasibu, unavumilika. Yule aliyesema mbili, tatu na nne ana asilimia 1.6 tu.

Ile asilimia 10 inatoka wapi? Hakuna kanuni ya hisabati inayoizaa. Saaty alieleza kwamba ukinzani unapaswa kuwa jambo dogo kuliko upatanifu kwa kiasi cha mara kumi hivi, lakini usiwe sifuri, kwa sababu mtu asiyeweza kukinzana na alilosema jana hana nafasi ya kujifunza jipya leo. Aliuweka mpaka kama ishara ya kurudi na kuzitazama hukumu upya. Na mifano yake mwenyewe inaonyesha kwa nini hakutaka ukamilifu. Katika mfano mmoja, msafiri wa ndege alikadiria umbali wa miji sita kutoka Philadelphia kwa kuilinganisha miwili miwili. Cairo ilipata sehemu 0.263 ya jumla, na umbali halisi unatoa 0.278; Tokyo ilipata 0.397 badala ya 0.361, Montreal 0.027 badala ya 0.019. Katika mwingine, viti vinne viliwekwa yadi 9, 15, 21 na 28 kutoka kwenye taa, na watu wa nyumbani mwake wakalinganisha mwangaza wa viti hivyo kwa macho. Kiti cha kwanza kilipewa 0.61, na sheria ya fizikia inasema 0.607. Hukumu zilizokinzana kiasi zilitoa jibu lililokaribia ukweli sana. Ni mifano mizuri, ila tukumbuke kwamba umbali na mwangaza vina rula ya kuwarudisha waamuzi. Umuhimu wa reli dhidi ya barabara hauna.

Hapo ndipo mpaka wa asilimia 10 ulipoanza kubebeshwa mzigo usio wake. Katika maelfu ya makala na tasnifu zilizofuata, zikiwemo za wapima ardhi na wapanga miji wanaochagua eneo la dampo au ramani ya mafuriko, sentensi moja hurudiwa: ukinzani ni chini ya asilimia 10, kwa hiyo uzito wa vigezo unakubalika. Neno "kwa hiyo" hapo halina msingi. Chukua mwamuzi asiyejua chochote, ambaye kwa kila jozi anajibu "sawa" na kuandika moja. Jedwali lake lote ni moja tupu. Namba kuu inalingana kabisa na idadi ya vitu. Ukinzani wake ni sifuri. Amepata alama za juu kuliko bingwa aliyefikiri wiki nzima. Hakimu anajua kwamba shahidi ambaye maelezo yake hayagongani popote huenda anasema kweli na huenda amekariri. Kugongana kunampa hakimu mahali pa kuuliza, na kutogongana hakumthibitishii lolote.

Upande wa pili ni mbaya zaidi, na yeyote anaweza kuuhakiki kwa kalamu. Mwamuzi wa kwanza anaamini kwamba A inaizidi B kupita kiasi, na B inaizidi C kupita kiasi. Kwa kuwa kipimo kinaishia 9, anaandika 9 na 9, na kwa A dhidi ya C, ambako angetaka kuandika 81, anaandika 9 tena. Mpangilio wake umenyooka kama uzi. Mwamuzi wa pili anasema A ni mara mbili ya B, B ni mara mbili ya C, na C ni mara mbili ya A. Huyu amezunguka waziwazi. Ukipiga hesabu, ukinzani wa huyu wa pili ni asilimia 43. Wa yule wa kwanza ni asilimia 48. Kipimo kimemwadhibu mwenye msimamo zaidi ya mwenye kuzunguka, na kosa pekee la mwenye msimamo ni kwamba alinyimwa namba ya kusemea.

Wanafunzi wa Saaty wana jibu, nalo ni la haki. Alionya kwamba vitu vinavyolinganishwa viwe vya kadiri moja. Kokoto isiwekwe jozi na mlima, na vinavyotofautiana mno vigawanywe katika makundi. Nakubali. Lakini jibu hilo linathibitisha ninachokisema: asilimia 48 ya mwamuzi wa kwanza ina maana kwamba jedwali limepangwa vibaya, na asilimia 43 ya wa pili ina maana kwamba huenda vigezo vimechanganyika. Namba mbili zinazokaribiana, magonjwa mawili tofauti, na hakuna linalojulikana bila kufungua jedwali na kutazama hukumu moja moja. Waldemar Koczkodaj alilisisitiza hilo mwaka 1993 alipopendekeza kipimo kinachotafuta kundi la vitatu lenye mgongano mkubwa kuliko yote na kulitaja, badala ya kuchanganya migongano yote katika wastani mmoja. Na mwaka 2004 Mirosław Kwiesielewicz na Ewa van Uden walionyesha kwamba jedwali linaweza kupita mpaka wa asilimia 10 huku ndani yake mna hukumu zinazopingana wazi. Wastani unaficha.

Wakosoaji wengine walishika sehemu nyingine za njia hii. Valerie Belton na Tony Gear, mwaka 1983, walionyesha kwamba kuongeza chaguo jipya kunaweza kugeuza mpangilio wa yale ya zamani. Gordon Crawford na Cindy Williams, mwaka 1985, walitetea kupata uzito kwa wastani wa kuzidisha badala ya namba kuu ya jedwali. Mabishano hayo ni makubwa na hayajaisha, lakini si ya hapa.

Lililo la hapa ni tawi lililochipua kimya kimya: kusahihisha jedwali bila kumuuliza mwenye hukumu. Mwaka 1999 Zeshui Xu na Cuiping Wei walichapisha njia ambayo huchukua kila hukumu na kuivuta kidogo kuelekea namba ambayo jedwali linalopatana lingekuwa nayo, hatua kwa hatua, mpaka ukinzani ushuke chini ya mpaka. Kama hesabu, ni kazi safi, na inathibitishwa kwamba hufika mwisho. Njia nyingi za jamii hiyo zimefuata. Lakini tujiulize namba inayotoka ni hukumu ya nani. Mtaalamu wa maji alisema mara tano. Kompyuta imeandika 4.3, na hakuna aliyeamini 4.3. Kulinganisha na Condorcet kunauma: yeye aliiacha hukumu dhaifu kando, ikaonekana; hapa kila hukumu inapindwa kidogo, na hakuna inayoonekana kuachwa. Kule kwa May, njia ya namna hii ingewanyoosha wanafunzi 17 wote na kuifuta habari pekee muhimu iliyokuwamo katika majibu yao.

Najua kinachosemwa kutetea marekebisho hayo. Wataalamu wana shughuli nyingi. Wakishajaza fomu hawapatikani tena. Vigezo tisa vina jozi 36, na mtu akichoka anaandika 3 mahali pa theluthi. Makosa ya uchovu yapo kweli, na mengi. Lakini kosa la uchovu lina sura yake: ni hukumu moja inayogombana na nyingi, na ukimtajia mwenyewe atasema palepale kwamba aligeuza. Kinachogeuzwa kwa dakika moja ya simu hakihitaji kupinda hukumu 36. Na kama mwenyewe hapatikani, basi ripoti inaweza kuyatoa majibu kama yalivyo, pamoja na matokeo mawili, ya kabla na ya baada ya kuiondoa hukumu inayogombana, ili msomaji aone kama uamuzi unategemea hilo. Mwingine atasema kwamba bila mpaka, kila upuuzi utapita. Sitaki mpaka uondolewe. Nataka ubaki kengele kama Saaty alivyoueleza, na kazi ya kengele ni kumwamsha mtu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba uamuzi hauwezi kuzunguka: barabara itajengwa au haitajengwa, na mwisho lazima mstari unyooke. Kweli. Lakini Condorcet alinyoosha mstari bila kugusa kura hata moja.

Gharama ya kusahau tofauti kati ya kupatana na kuwa kweli inaonekana vizuri katika kazi ambayo Saaty mwenyewe aliifanya jirani yetu. Katika miaka ya 1970 aliongoza utafiti wa usafiri wa Sudan, nchi kubwa kuliko zote Afrika wakati huo, iliyokuwa ikitarajiwa kuwa ghala la chakula la ulimwengu wa Kiarabu. Wataalamu walichora sura kadhaa za Sudan ya mwaka 1985: inayobaki ilivyo, inayouza mazao nje, inayokua sawia katika mikoa yote, na inayokuwa daraja kati ya Waarabu na Afrika. Sura hizo zililinganishwa mbili mbili, mikoa ikalinganishwa, na mwisho miradi ya reli, barabara, bandari na viwanja vya ndege ikapata uzito wake. Kwa kazi ya wakati ule ilikuwa ya hali ya juu, na vigezo viliwekwa hadharani kuliko ilivyo desturi ya mipango mingi ya serikali. Mwaka 1983 vita vilirudi kusini. Mwaka 1984 na 1985 njaa iliua watu wengi magharibi na mashariki ya nchi. Aprili 1985 Rais Jaafar Nimeiri aliangushwa. Siwalaumu waliolinganisha kwa kutoona hayo. Nasema tu kwamba hakuna kiasi cha upatanifu ndani ya majedwali yao ambacho kingeweza kuwaonyesha, kwa kuwa kipimo hicho hutazama jedwali peke yake. Dalili, kama zilikuwapo, zilikuwa mahali ambapo hukumu za wataalamu ziligongana kuhusu kusini, na hizo ndizo ambazo utaratibu wa kushusha ukinzani hulainisha zaidi.

Leo suala hili limefika mahali ambapo Kendall wala Saaty hawakupafikiria. Ernst Zermelo alikuwa amebuni mwaka 1929 kanuni ya kuwapanga wachezaji wa chesi kwa matokeo ya wawili wawili, na mwaka 1952 Ralph Bradley na Milton Terry wakaifikia kanuni hiyohiyo kwa njia yao. Kila mchezaji ana nguvu moja, na uwezekano wa kumshinda mwenzake hutokana na uwiano wa nguvu zao. Utafiti wa mwaka 2017 uliitumia kuifundisha mashine kutokana na watu kuchagua kati ya vitendo viwili, na mifumo ya kompyuta inayojibu maswali kwa lugha ya kawaida imefundishwa sana kwa njia ya jamii hiyo: mtu anaonyeshwa majibu mawili, anachagua moja. Katika kanuni ya nguvu moja mzunguko hauna pa kukaa. Watu wakisema jibu la kwanza linazidi la pili kwa ukweli na ufupi, la pili linazidi la tatu kwa ukweli na upole, na la tatu linazidi la kwanza kwa ufupi na upole, kanuni inasoma kelele na kuyapa yote matatu alama zinazokaribiana. Ni mzunguko wa wachumba wa May, safari hii kwa mamilioni ya jozi.

Kwa mamilioni ya jozi haiwezekani kumrudia kila mwamuzi, na hapo sampuli ya mizunguko italazimika kutosha. Kwa jedwali la mpangaji wa mji hakuna udhuru huo. Vigezo tisa, kwa hesabu ya Kendall na Babington Smith, haviwezi kuzaa mizunguko zaidi ya 30, na jedwali la mtu makini litakuwa nayo miwili au mitatu. Inatosha nusu ukurasa wa ripoti: mzunguko gani, hukumu zipi, na mwamuzi alisema nini alipoulizwa mara ya pili.